Karatasi Iliyokubali Kusomeka

Chumba cha kazi cha marehemu kilikuwa na meza moja kubwa katikati, rafu za karatasi, chupa za wino na brashi zilizosimama ndani ya makopo. Kiti hakikuwemo. Mpelelezi alizunguka mara ya pili kuhakikisha: hakuna kiti, hakuna kigoda, hakuna hata sanduku la kukalia.

"Unatafuta nini, afande?" Sajini aliuliza kutoka mlangoni.

"Pa kukaa."

"Umechoka mapema hivi? Hata chai hatujanywa."

Mpelelezi alichuchumaa akaikagua sakafu. Saruji ilikuwa imepakwa rangi nyekundu, na rangi hiyo ilikuwa imelika kuizunguka meza pande zote, kama njia ya mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Mwanamke aliyefanya kazi humu hakuwa wa kukaa. Alikuwa akitembea.

Juzi asubuhi mwanamke huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Dada Wino kwa vile vidole vyake havikuwahi kuwa safi, alikutwa chini ya ngazi za nje, shingo imevunjika. Daktari aliona michubuko ya vidole vya mtu kwenye mkono wake, hivyo habari ya kuteleza ikafa siku hiyo hiyo. Juu ya meza hii ikakutwa karatasi moja imekandamizwa kwa chupa ya wino. Ilikuwa imejaa maandishi yasiyo ya lugha yoyote.

Hilo peke yake halikumshangaza mtu. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Maandishi bubu, mwenyewe aliyaita hivyo: mikunjo na mikia inayotembea kama mwandiko wa mtu mwenye haraka. Ukiitazama kwa mbali unaapa ni barua, ukiisogelea inakukimbia. Wako walioiita michoro na wako walioiita mashairi. Wengine waliiita utapeli, ila hao hawakualikwa kwenye maonyesho.

Mtu mmoja tu alidai kuyasoma maandishi hayo, naye ni mshairi ambaye watu walikwisha kulisahau jina lake, wakabaki na Malenga. Malenga alikuwa ametoa kitabu: ukurasa mmoja karatasi ya Dada Wino, ukurasa wa pili shairi lake, na juu ya kila shairi neno "tafsiri". Kitabu kikapata tuzo. Malenga akawa mtu wa kualikwa redioni, mtu wa kukaa viti vya mbele. Kwa hiyo Mkuu wa kituo alipoletewa karatasi asiyoweza kuisoma, alimwita yeye. Malenga aliisoma, akafuta machozi, kisha akaandika maelezo na kuyatia sahihi. Karatasi, alisema, inalia. Dada Wino anamtaja mdogo wake wa kiume, tena na tena, kwamba ndiye atakayemsukuma.

Mdogo huyo, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho, alikuwa mahabusu. Alasiri hii angepelekwa mahakamani kusomewa shtaka la kuua. Mpelelezi aliomba apewe asubuhi moja tu, na Mkuu akampa huku amenuna.

"Karatasi imeshasema," Mkuu alimwambia. "Unataka nini zaidi, ije kwa miguu itoe ushahidi?"

Mpelelezi aliitoa karatasi yenyewe kwenye mfuko wa plastiki, akailaza mezani. Kisha akashusha nyingine kutoka kwenye rafu, rundo zima, akazipanga kando yake. Hakujaribu kusoma. Aliziangalia kama mtu anavyoangalia nyayo kwenye tope, kujua mwenye miguu alikuwa anaelekea wapi.

Karatasi za rafuni zilikuwa zimeingiwa kutoka kila upande. Mstari mmoja ulianzia chini ukapanda, mwingine ukatoka kulia ukapinda, wino mzito mara juu, mara ubavuni. Zilikuwa kazi za mtu anayeizunguka meza. Karatasi ya kwenye mfuko wa plastiki haikuwa hivyo. Ilikuwa na juu na chini. Ilikuwa na ukingo mtupu upande wa kushoto, umenyooka kama umepigwa rula. Na kwenye pembe ya chini wino ulikuwa umefutika, umeburutwa na kitu laini.

"Mkono wa shati," Sajini alisema akiinama. "Mimi mama alinichapa sana kwa hiyo. Unaegemea meza, unaandika, shati linafanya usafi."

"Unaegemea ukiwa umekaa."

Sajini alikitazama chumba, akaelewa sasa kwa nini kiti kilikuwa kinatafutwa.

Chini ya chumba kulikuwa na duka la fremu. Fundi wake alipanda akiwa na misumari mdomoni, akaitema kiganjani ili aweze kulalamika vizuri. Marehemu alikuwa mteja wake wa miaka, alisema, na mteja wa kuchosha. Kila fremu alitaka vishikizo pande zote nne. Alipomuuliza upande wa juu wa picha ni upi, alijibiwa kwamba juu ni pale utakapochoka kuitazama ukaigeuza. Wino alikuwa akiupika mwenyewe kwa masizi na gundi, na ole wako ukikugusa nguoni. Aproni yake fundi ilikuwa na doa la miaka mitatu ambalo sabuni zote zilishalisalimia zikapita. Tena alikuwa na kichaa chake kingine: umbo likijirudia kwenye karatasi, hata mara mbili tu, anaipasua.

"Kwa nini?"

"Alisema likijirudia linaanza kuwa herufi. Na yeye hakutaka herufi. Mimi nilikuwa naokota vipande nawashia jiko."

Kisha fundi akacheka, akajizuia kwa heshima ya marehemu, halafu kicheko kikamshinda. Kwenye maonyesho ya mwaka jana, alisimulia, alitundika karatasi moja kinyume na ilivyochapishwa kitabuni. Malenga akaja mbele ya wageni, akasimama, akaisoma beti zote bila kukwama hata pumzi. Dada Wino alitoka nje kabisa, akacheka huku ameshika ukuta.

"Na Malenga alijua?"

"Aliambiwa baadaye. Hajaninunulia hata soda tangu siku hiyo."

*

Mama yao alikuwa kwenye benchi la kituoni. Alikuja jana, akaja na leo, na siku zote mbili alikataa kuingia ndani kumwona kijana wake. Askari wa zamu alikwisha kumbembeleza akachoka. Mpelelezi alipopita, mama alimshika mkono.

"Mwanangu, niambie wewe. Mmoja wangu kabla hajafa amemtaja mwenzake. Mimi nimwamini nani, aliyekufa au aliye hai?"

Mpelelezi alimwomba asubiri kidogo. Mama akasema amekwisha kusubiri, kilichobaki ni kuzeeka.

Kitinda aliletwa kwenye chumba cha mahojiano amekunja uso. Alikuwa kijana mrefu, fundi wa pampu za maji, na vidole vyake vilikuwa na wino mweusi mpaka kwenye kucha. Mkuu alikuwa ameuandika wino huo kama ushahidi wa pili. Wa tatu alikuwa jirani aliyesikia kelele usiku wa kuamkia kifo, kijana akimfokea dada yake.

"Wino huo umetoka wapi?"

"Kwake. Nilimsaidia kuchuja. Kila wiki namsaidia."

"Na kelele?"

"Tuligombana."

"Juu ya nini?"

Kijana aliuma mdomo. Mpelelezi alimsogezea karatasi na kalamu. Alimwambia aandike kitu chochote kisicho na neno, ajaze ukurasa. Kitinda alimtazama kama mwendawazimu, lakini akaandika: mawimbi, mawimbi, mawimbi, halafu akachoka, na mawimbi yakageuka kiwanja cha mpira chenye magoli mawili. Sajini naye akajaribu pembeni kwa kujifurahisha. Yake ilitoka sahihi yake mwenyewe, imeandikwa mara kumi. Mpelelezi alizichukua zote mbili.

"Dada yako anasemekana amekutaja," alisema. "Saa chache zijazo utasomewa shtaka. Mama yako yuko nje na hataki kukuona. Hicho unachokificha kinamsaidia nani?"

Kijana aliinamisha kichwa. Alipoanza kuongea sauti ilikuwa ya mtoto.

"Alitaka kutuaibisha. Jumamosi yanafunguliwa maonyesho yake. Alisema atasimama mbele ya watu wote aseme karatasi zake hazisemi kitu, hazijawahi kusema kitu, na ndiyo uzuri wake. Nikamwambia una wazimu? Watu wamenunua kitabu, mama anakionyesha majirani. Watatucheka mpaka tuhame."

"Naye akasemaje?"

"Akasema wacheke. Amechoka kusemewa."

"Nani mwingine alijua?"

"Hakuna. Mimi." Akafikiri. "Na huyo mzee wake wa mashairi. Alisema atamwita amwambie kwanza, asije akashtukizwa mbele za watu. Alisema ndiyo adabu."

Mpelelezi na Sajini hawakutazamana. Kijana hakuelewa alichosema, akaendelea kukwangua wino kwenye ukucha.

*

Ofisini Mpelelezi alifunga mlango. Aliweka karatasi ya uwazi, ya kunakilia, juu ya ile ya ushahidi, akaanza kuweka nukta kila pale kalamu ilipoinuliwa. Alifanya polepole, mstari kwa mstari. Alipomaliza alisimama, akaishika mbali kwa urefu wa mkono.

Katikati ya nukta kulikuwa na uchochoro. Kila mstari ulivunjika mahali pale pale, nusu huku na nusu kule, kutoka juu mpaka chini. Mistari yenyewe ilikwenda minne minne, ikiachana kwa nafasi. Kabla ya uchochoro lilirudi umbo moja, kama ndoano. Mwisho wa mstari lilirudi jingine, kama mkia wa mjusi. Na mstari wa nne wa kila kundi ulikuwa ule ule, haujabadilika hata mkunjo.

"Sajini, shuleni ulisoma mashairi?"

"Nilichapwa kwa ajili yake, kama hiyo ndiyo kusoma."

"Hii ni nini?"

Sajini alipitisha kidole. Alipofika uchochoroni kidole kilipumzika chenyewe, alipofika mwisho kikapumzika tena. Akarudia kwa mstari wa pili, safari hii kichwa kikitikisika.

"Haiwezekani," alisema. "Ina vina. Haina hata neno moja na ina vina."

"Na kibwagizo."

"Ndiyo maana yeye akaona jina linajirudia."

"Hakuona. Aliweka." Mpelelezi aliikunja karatasi ya uwazi. "Lakini hilo bado ni langu na lako. Hakimu ataniuliza kama nimeanza kushika watu kwa sababu wanajua kutunga. Chukua hati ya upekuzi, nenda nyumbani kwake. Omba nguo alizovaa siku ile. Shati, mkono wake hasa. Mimi namwita aje anifundishe kusoma."

*

Malenga alikuja kwa wakati, shati jeupe limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Aliingia akiwa na ile huzuni iliyonyooshwa vizuri, ya mtu aliyekwisha kuizoea mbele ya vipaza sauti. Alimpa Mpelelezi pole ya kazi, akakaa.

Mpelelezi alimkaribisha kwa unyenyekevu ambao Sajini angeucheka kama angekuwepo. Alimwambia kwamba yeye mwenyewe atahojiwa mahakamani na hajui kitu; huenda wakili akasema hayo ni michoro tu. Je, mtu wa kawaida anawezaje kujua kwamba ni maandishi?

"Binti yangu," Malenga alisema, "hakuna mwandiko mtupu. Mtu akishika kalamu, kuna anachokisema, hata akijificha. Yeye alikuwa anajificha. Mimi nilimwona."

"Yeye mwenyewe alisemaje?"

"Wasanii hawajijui. Chungu hakijui kilichopikwa ndani yake." Alitabasamu, akaupenda msemo wake.

"Unaweza kuniandikia kidogo? Vile alivyokuwa akiandika. Bila neno lolote."

Mpelelezi alikuwa amemsogezea karatasi safi na chupa ya wino wa kawaida, na uso wake ulikuwa wa mwanafunzi. Hakuna mwalimu anayeikataa sura hiyo. Malenga alivuta kiti, akakunja mkono wa shati, akaegemea meza.

Aliandika vizuri, hilo hakuna wa kumnyima. Mikunjo ilimtoka kama maji. Mpelelezi hakuutazama mkono. Alitazama midomo, ambayo ilikuwa ikicheza kidogo kidogo, na kidole gumba cha mkono wa pili, ambacho kilikuwa kikigonga meza bila sauti. Kalamu ilikwenda, ikapumzika, ikaenda tena, ikamaliza. Mistari minne. Nafasi. Mistari minne.

"Nzuri," Mpelelezi alisema. "Sasa niandikie nyingine, ila uivuruge. Isipumzike katikati."

"Kwa nini?"

"Zake hazipumziki."

Malenga alicheka, akaanza upya. Mstari wa kwanza aliupitisha mbio. Wa pili ulisita nusu ya safari. Aliona, akaufuta kwa mkato. Wa tatu alianzia upande mwingine kabisa wa ukurasa. Ukaenda, ukaenda, ukafika mwisho, na kalamu ikauvuta mkia wa mjusi kabla mwenyewe hajawahi kuuzuia.

Aliiweka kalamu chini, akaiangalia karatasi yake kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na asiyemjua.

Mpelelezi alifungua droo. Kando ya karatasi ile alilaza ya ushahidi, na juu yake ile ya uwazi yenye nukta.

"Maelezo yako yanasema hii uliiona mara ya kwanza hapa kituoni."

"Ndivyo."

"Na kwamba wiki nzima hamkuonana."

"Ndivyo. Lakini sikiliza, tumefanya kazi pamoja miaka. Mtu huambukizwa. Alikuwa ameanza kuniiga."

"Rafu yake nzima haina umbo lililojirudia. Likijirudia alikuwa anapasua, hakutaka liwe herufi. Halafu siku ya kufa akatunga beti zenye kibwagizo?"

"Hofu inaweza kumfanya mtu..."

"Akakaa kitini? Chumba chake hakina kiti, Malenga. Aliyeandika hii alikaa, akaegemea, mkono wa shati ukafuta wino hapa." Alionyesha pembe. "Wino aliopika mwenyewe. Hautoki kwa sabuni. Sajini yuko nyumbani kwako sasa hivi na hati. Amenipigia simu kabla hujaingia. Mkeo amemtolea shati, amemwambia amelifua mara tatu na anataka kujua ni sabuni gani nzuri zaidi."

Malenga hakuinuka wala hakupiga kelele. Aliichukua kalamu tena, akaigeuza vidoleni, akairudisha mfukoni. Wakati huo ikadondosha tone jeusi kwenye shati jeupe, naye hakuligusa.

"Aliniita kwa adabu," alisema baadaye. "Akanipa hata maji ya kunywa. Akasema, kaka, Jumamosi nitawaambia hakuna kitu. Nikamwuliza, na mimi je? Kitabu? Watu wanaimba beti zangu. Akasema beti ni zako, ni nzuri, zimiliki, ila usiseme ni zangu. Nilimfuata mpaka kwenye ngazi. Nilimshika mkono tu anisikilize."

"Ukamsukuma."

"Alikuwa anacheka." Sauti ile ya redioni ilikuwa imekauka. "Alikumbuka ile karatasi iliyotundikwa kichwa chini, akacheka. Nikamsukuma, ndiyo."

"Kisha ukachukua karatasi yake na wino wake, ukaenda kuandika kwako, ukairudisha mezani."

Alikubali kwa kichwa.

"Kwa nini kijana?"

Malenga alifikiri, na jibu lake lilikuwa la kweli kuliko yote aliyowahi kuyasema kituoni hapo.

"Nilianza kuandika chochote tu. Ilipofika mstari wa nne nikaona lazima irudi kwa mtu."

Mpelelezi alimwita askari, akamsomea Malenga haki zake, akaandika maelezo mapya na kumpa ayasome kabla ya kutia sahihi. Kisha akapanda kwa Mkuu. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akaangalia karatasi mbili zilizolazwa sambamba, akapitisha kidole uchochoroni mara moja tu. Alinyanyua simu, akaagiza gari la mahakamani lisimamishwe.

Mama alikuwa bado kwenye benchi. Mpelelezi hakubaki amesimama. Alikaa kando yake, bega kwa bega, akamweleza polepole. Karatasi ile haikuwa ya binti yake. Iliandikwa na mtu mwingine, na mtu huyo amekiri.

Mama alimgeukia.

"Kwa hiyo mwanangu hakuniachia neno."

"Hakuacha neno, mama. Hakumtaja mtu yeyote."

"Hakumlaumu mtu."

"Hapana."

Mama alijifuta uso kwa upande wa kitenge, akakifunga upya kiunoni, akasimama kwa kushikilia bega la Mpelelezi.

"Basi nionyeshe mlango," alisema. "Nimemwacha mtoto siku mbili."